Picha Niliyompiga Mzee Ntandu

Mwanangu Neema,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu aliye mbali, na wewe bado hujawa mbali. Uko nyumba ya tatu kwa shangazi yako unasukwa, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa. Jua halijazama. Nimefunga studio mapema, nimekaa kwenye kiti wanachokalia wateja wakati wa kupigwa picha. Kiti hiki kigumu, jamani! Miaka yote nawaambia watu, "Tulia, usitingishike," kumbe ndivyo wanavyoteseka.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuanika godoro, ya kutokwenda kuomba chumvi kwa watu kila siku, sitayaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka umenuna, na jana ulinijibu, "Mama, mimi ni mwalimu sasa." Haya, mwalimu. Leo nisikilize mimi.

Kesho asubuhi unakwenda kufundisha kile kijiji cha upande wa Mgori, na barua ya mwalimu mkuu inasema utapewa chumba kwa Bi Asha, mjane wa Mzee Ntandu. Uliposoma jina lile kwa sauti nilikuwa naepua sufuria, ikaniponyoka, ukadhani nimeungua. Sikuungua. Mzee Ntandu alikufa mwaka ule wa njaa, na kifo chake kina mkono wangu ndani. Nataka ulijue hilo kwangu mimi, kabla hujala chakula cha mkewe.

Nianze na studio, maana hapo ndipo ninapopaweza.

Unajua niliingia hapa kufua nguo za mke wa Kanji, yule Mhindi mwenye studio. Baba yako alikuwa ametutoka, wewe nakubeba mgongoni. Siku moja Kanji aliniita kwenye chumba cha giza nimshikie sinia la dawa, kwa sababu msaidizi wake alikuwa hakuja. Ndani kulikuwa na taa ndogo nyekundu tu. Akachovya karatasi nyeupe, haina kitu, akaniambia, "Tikisa polepole." Nikatikisa. Mara nikaona doa, doa likawa nywele, chini ya nywele yakatoka macho mawili, yananitazama kutoka ndani ya maji. Neema, nilipiga yowe! Kanji alicheka mpaka akashika ukuta. Nimesafisha picha maelfu tangu siku ile na bado, uso ukianza kutoka, mwili hunisisimka. Sijazoea. Namshukuru Mungu kwamba sijazoea.

Basi Kanji akanifundisha kazi yote, na pamoja na kazi akanifundisha desturi ya mji huu. Mtu wa Singida hapigwi picha mikono mitupu. Picha inakwenda kwa ndugu Itigi, inakwenda kwa wakwe Mtinko, inabandikwa ukutani miaka ishirini. Kwa hiyo studio ilikuwa na koti la sufu, saa ya mkono, na ile redio kubwa ya mbao. Wewe uliichezea redio ile, unajua kwamba ndani haikuwa na mashine. Kanji alishaiuza mashine zamani, mimi nilikuwa naweka humo vifungo na sindano. Lakini kwenye picha ilikuwa redio kamili, na mchungaji aliyeingia hapa na vumbi la njia nzima alitoka akiwa bwana. Sikuona ubaya. Mpaka leo sioni ubaya, kama picha inakwenda kwa mkwe.

Kanji aliposafiri kwenda kwa ndugu zake ng'ambo, aliniachia funguo nimtunzie. Hakuniachia karatasi yoyote.

Ukaja ule mwaka. Ulikuwa darasa la nne, unakumbuka foleni ya unga wa njano, unakumbuka mtama ulivyokauka ukiwa urefu wa goti. Ikatoka amri kwamba watu wa mjini wasio na kazi inayojulikana wahamie vijiji vipya, wakalime. Mtaa wa nyuma ya mashine ya kusaga karibu wote uliandikwa. Wachukuzi wa sokoni, akina mama wa pombe, mafundi wa viatu vya matairi, watu ambao tulipeana moto asubuhi. Mimi nami sikuwa na karatasi. Kila nilipoona mtu na daftari anakuja njia hii, nilidhani zamu yangu imefika.

Siku moja alikuja bwana aliyetumwa kusimamia uhamisho huo. Kijana mpole, kalamu mbili mfukoni. Akataka kila kaya inayohama ipigwe picha mbele ya nyumba yake, picha moja moja, ibandikwe kwenye fomu. Akasema, "Tukiwaona jinsi walivyo, tutajua nani apewe chakula mpaka avune, na kiasi gani." Alisema hivyo, kwa maneno yaleyale, na mimi niliyasikia. Halafu akaenda, na mimi nikapanga kamera na miguu yake mitatu, na chini ya kikapu nikaweka koti, saa na redio. Hakuna aliyeniambia niviweke.

Nilifanya kwa mapenzi, mwanangu, usiwe na shaka na hilo. Nilifikiri, hawa wanaondolewa kwenye nyumba zao, wataandikwa kwenye madaftari, angalau nisiwaache waonekane kama takataka. Na walifurahi! Siku ile mtaa mzima ulikuwa kama kwenye harusi. Watu wamepanda juu ya majabali kutazama, watoto wanapigania redio, wanawake wanapigiana kelele, "Na mimi saa, na mimi saa!" Nyumba nyingine zilikuwa zimeshatolewa nguzo, na mbele yake baba amekaa kwa koti la sufu, mkono ameuweka juu ya goti ili saa ionekane. Niliinama chini ya kitambaa cha kamera nikawaona kichwa chini miguu juu, kama kamera ile inavyoonyesha, nikasema moyoni, hawa watu ni wazuri kiasi hiki na nimeishi nao miaka yote bila kuwaona?

Mzee Ntandu alikuwa mchukuzi, kifua kibovu, mtu wa utani. Alikuwa amekonda mpaka mbavu unazihesabu. Nikamvika koti, nikamfunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni. Mbavu zikapotea. Nikampa redio apakate. Bi Asha akasimama nyuma yake akicheka, "Mume wangu leo ni mkuu wa wilaya!" Naye Mzee akageuza uso upande, ananiambia, "Harakisha, mama Neema, nisije nikaizoea." Picha ile ilitoka safi kuliko zote. Nilijipongeza.

Mmoja tu alikataa, Mama Salome, yule mrefu aliyekuwa anauza mlenda mkavu. Nilipomletea redio aliitazama, akaniambia, "Hiyo si yangu. Nipige nilivyo."

"Shika hata saa basi."

"Si yangu."

Nikakasirika. Wewe unanijua. Nikamwambia ananiharibia kazi, nikamwambia ndugu zake watasema mpiga picha hana adabu. Akafikiri kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka amebeba mlango wa nyumba yake. Alikuwa ameshaung'oa kwenye fremu ili aende nao kijijini, maana mbao ilikuwa shida. Akausimamisha mbele yake, akaushika kwa mikono miwili, watoto wake watatu huku na huku. Akasema, "Kama lazima mtu ashike kitu, mimi nitashika hiki. Hiki nilikinunua."

Nikapiga, nimenuna. Jioni kwenye chumba cha giza nikatikisa sinia, na nyuso zikaanza kutoka, koti, saa, redio, koti, saa, redio. Kisha ikatoka ya kwake. Kwanza lile tundu jeusi la nyumba isiyo na mlango. Kisha vidole. Kisha macho yake. Niliacha kutikisa. Nilisimama pale na dawa inanichoma ngozi, nikaogopa, ile hofu ya mtu aliyeingia msikitini na viatu. Katika picha zote nilizopiga maisha yangu, ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa na mtu ndani. Na hata hivyo nikafikiri kuificha. Niliona itamwaibisha. Angalia ujinga wangu! Niliipeleka kwa sababu hesabu ya picha isingetimia.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa miaka yote hii.

Nilikaa mbele ya meza ya yule bwana wakati anabandika picha kwenye fomu. Anaangalia moja, anaandika. Anaangalia nyingine, anaandika. Uso wake ukazidi kukunjuka. Akaniambia, "Mama, tulikuwa tunaogopa watu hawa watakosa chakula. Kumbe wanajiweza. Huyu ana redio. Huyu koti la sufu. Huyu saa. Mahindi yenyewe hayatoshi, tutawapa wale wasio na kitu." Kama angezipanga zote pamoja juu ya meza, angeona koti ni lilelile, kifungo cha pili kimekatika. Lakini alikuwa anaangalia moja moja. Alipofika kwa Mama Salome akasema, "Huyu maskini, hana chochote," akamwandikia magunia.

Mdomo wangu ulifunguka. Nakuapia ulifunguka. Na saa ileile akavuta karatasi nyingine, akapiga muhuri, akanisogezea. "Na wewe tumekuandika mpiga picha wa mji. Hutaguswa." Nikaiona ile karatasi, nikakuona wewe na sare yako ya shule, nikaona kwamba nikisema tu neno moja atajua nimempa picha za uongo, ataichukua karatasi na nafasi kwenye lori ipo. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Ahsante, bwana." Nikatoka nje kwenye jua, karatasi mkononi, nimejaa furaha. Ndiyo, furaha. Nisikudanganye kwamba nilihuzunika siku ile.

Malori yalipokuja ulisimama na mimi barabarani. Ulimpungia mkono Salome, ukaniuliza kwa nini mimi siwapungii. Nikakwambia vumbi limeniingia machoni.

Wiki zikapita. Nilijiambia watu hawa ni hodari, watapata la kufanya, ndugu zao wa vijijini watawasaidia. Nilipata majibu mengi mazuri wakati ule. Uwe macho na akili yako ikianza kukuletea majibu mengi namna hiyo, moja baada ya jingine, na wewe hujaulizwa swali.

Asubuhi moja Mama Salome akasimama hapa mlangoni. Amekuja kwa miguu, njia yote ile. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Akasema, "Nimefuata picha yangu. Uliniahidi moja." Nikaitoa. Akaenda nayo kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu, akasema, "Kumbe mimi ni mrefu hivi?" Akacheka peke yake. Hakuwa na kioo maishani mwake zaidi ya kile cha kiganja.

Nikamuuliza habari za huko. Akanieleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kwamba magunia yalishushwa kwake peke yake. Kwamba jioni ya kwanza aliwatazama majirani wanavyotazama pembeni ili wasione magunia yake, akashindwa kuingia ndani. Akaweka sufuria uani, akaita kaya zote. Tangu siku ile wanakula kwake, kila mtu na bakuli lake, ugali wa kaya moja umegawanywa kwa mtaa mzima, na mlenda juu yake. Nikamuuliza, "Na yakiisha?" Akaniambia, "Yataisha kwetu sote." Tu.

Nilikaa chini, Neema. Kwenye kiti hikihiki. Mimi ningefanya hivyo? Nilikuwa na karatasi yenye muhuri nimeifungia kwenye sanduku, na mwanamke huyu alikuwa na chakula cha wanawe watatu, akakimwaga katikati ya watu. Na hata hakujua kwamba ni ajabu. Nimeona nyuso nyingi zikitoka kwenye maji, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko yule mama aliyesimama pale akijicheka kwa urefu wake. Nikamuuliza habari za Mzee Ntandu. Akasema, "Mzee kila siku anasema ameshiba. Bakuli lake anawapa watoto. Kifua kimemzidi."

Mama Salome alikuwa hajatoka hata mtaani wakati nilipobeba redio kwenda ofisini kwa yule bwana. Niliiweka juu ya fomu za yule bwana, nikaigeuza. Akatazama ndani. Akaingiza mkono, akatoa kifungo. Nikamwambia yote, koti, saa, na siku ile niliyonyamaza. Akatoa fomu zote kwenye faili akazipanga mezani, mstari kwa mstari, na lile koti likajitokeza kila mahali. Alikaa anazitazama. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini hukusema siku ile?" Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu.

Hakunipandisha lori. Hakuichukua karatasi yangu. Aliandika fomu upya, zote, pale pale, na mahindi yakaenda. Lori lilifika siku tisa baada ya Mzee Ntandu kuzikwa.

Ndiyo hiyo, mwanangu. Wao wanajua juu ya picha, na nasikia walishanicheka na kunisamehe kwa hilo. Lile la kunyamaza analijua yule bwana, ambaye alihamishwa zamani, na mimi. Sijawahi kukanyaga kijijini kwao. Nimealikwa harusi mbili, nikasema studio haina mtu. Salome alipozaa nilituma kitenge. Mama yako ni hodari wa kutuma vitu.

Juzi dereva wa lori la kijiji alikuja kuuliza kama mizigo yako ni mingi. Akanipa ujumbe wa Bi Asha. "Anasema mama wa mwalimu anamjua. Anasema mwalimu aje, chumba ameshakikandika upya." Nilimshika yule dereva mkono. Nikamuuliza alisemaje, uso wake ulikuwaje, alikuwa anacheka au la. Masikini, akaniambia, "Mama, alikuwa anapepeta mtama." Basi. Mwanamke aliyemzika mume kwa sababu ya kimya changu amechukua udongo kwa mikono yake akamkandikia mwanangu ukuta. Sijui nikiite nini hicho. Natamani kupiga magoti na sijui mbele ya nani.

Nilipoanza kuandika, nia yangu ilikuwa umsomee yeye barua hii. Hajui kusoma, na wewe una sauti nzuri. Niliona nimepata njia. Lakini nimefika hapa, nimekusikia ukicheka huko kwa shangazi yako, nikajiona tena pale mbele ya meza, natafuta mtu wa kubebeshwa. Wewe unakwenda kufundisha watoto kusoma. Hukuajiriwa kusema makosa yangu.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho kituoni utaniona nimevaa kitenge cha safari, na ukiniuliza kuhusu wateja sitakujibu. Nimeshamwambia dereva tuko wawili. Barua hii nitakupa tukishapita majabali ya mwisho, nawe utaisoma hapo hapo, mimi nimekaa ubavuni mwako natazama nje. Usinisemeshe mpaka umalize. Ukimaliza, kama hutaki kunisemesha kabisa, nitaelewa.

Tukifika, hodi nitapiga mimi. Wewe mwamkie Bi Asha shikamoo kama nilivyokulea, kisha shusha mizigo yako ukae kando, mpaka nimalize kumwambia. Yeye ndiye atakayesema kama chumba kile bado ni chako.

Mimi mama yako.